Kichwa Kilichosubiri Mkono

Karatu, 3 Machi 2025

Shoga yangu Nasrin,

Salamu utazipata mwisho wa barua kama zitakuwa zimebaki. Kwanza nijibu swali moja. Huyo bosi wako Hanifa, mgeni akimwambia sebuleni kwake kwamba fulani amekufa, huwa anatuma mtu kwenda kuangalia?

Ijumaa nilimaliza kufua mapema hapa hotelini, nikapita ile kantini iliyo jirani na duka la baba yako. Runinga ilikuwa kwenye kipindi chenu, Sebuleni kwa Hanifa, nikakaa, maana wiki iliyotangulia mlikuwa na yule waziri mstaafu aliyejitia anajua kupika pilau, tukacheka mpaka basi. Mara mgeni akaingia. Shuka jekundu jipya, shanga mpaka kwenye viwiko, rungu mkononi. Kantini nzima ikapiga makofi ikimwita kwa jina lake la muziki, "Mwana wa Kreta! Mwana wa Kreta!" Mimi nikamwona Moringe, kaka yangu, tuliyenyonya ziwa moja.

Hanifa akamuuliza wimbo wake wa "Chemchemi" ulitoka wapi. Akashika paji la uso. Kisha akasema mama yetu aliuawa na nyati kwenye chemchemi ya Nainokanoka, yeye akiwa mbali huko Nairobi akitafuta maisha. Akasema hana kaburi la kwenda kulilia, wimbo ule ndio kaburi. Hanifa akatoa machozi. Dada wa meza ya pili naye akalia, akanipa tishu kwa kudhani na mimi nalia. Sikuwa nalia, Nasrin. Nilikuwa nimeshika uma nikitafuta pa kuuchoma.

Akamalizia kwa kutangaza kwamba anarudi nyumbani Ngorongoro kuomba ubunge, eti kwa heshima ya marehemu mama.

Wewe Yeyo, mama yetu, unamjua. Ni huyo huyo aliyekuwa akija kwenu kununua mashuka, anakuita mtoto wa Tariq, na wewe ulikuwa unakimbia kutoka nyuma ya kaunta kumwinamishia kichwa kabla hajafika mlangoni, akakuwekea mkono kichwani kama sisi watoto wake. Mguu wake unaujua pia. Nyati yule alikuwepo kweli, tukiwa wadogo, ila Moringe ndiye aliyepanda juu ya mti akipiga kelele, na Yeyo ndiye aliyemfukuza kwa fimbo ya kuswagia ng'ombe, akavunjwa nyonga. Tangu siku hiyo anachechemea. Sasa kijana ameuchukua mguu ule, ameuzidisha mpaka ukawa maiti, amepata jina nao.

Nataka kulipiza. Sikutafutii neno laini. Wewe kazi yako ni kuwatafutia wageni wa kipindi, basi nakupa mgeni: mwalike Yeyo. Mwalike siku Moringe akiwa kitini, kamera zote zimewaka, mlango ufunguliwe marehemu aingie akichechemea.

Usinipigie simu wala usinitumie ujumbe. Ujumbe mtu anaupiga picha, kesho uko nchi nzima. Weka barua kwenye basi, iandikie duka la baba yako, nitaichukua nikienda sokoni, kama tulivyokuwa tukiandikiana ulipokuwa shule ya bweni.

Salamu zimebaki kidogo. Chukua.

Sifa


Dar es Salaam, 12 Machi 2025

Sifa wangu,

Nimesoma barua yako chooni ofisini, nimefunga mlango, nikaziba mdomo kwa kiganja. Yeyo yuko hai! Unajua mimi nililia siku ile? Nilikuwa nyuma ya kamera, nikamsikia Moringe, nikasema moyoni, kumbe Yeyo alishatutoka na Sifa hakuniambia. Nilikununia. Nilikuwa nimeanza hata kukuandikia barua ya rambirambi, nikaichana kwa hasira kwamba hukunishirikisha msiba. Nisamehe shoga yangu. Ndivyo mtu anavyokuwa akikaa mjini miaka na miaka bila kurudi kwao.

Sasa sikiliza. Hii ni moto. Sijapata kuona mgeni kama huyu tangu nianze kazi. Tumeshaleta wanasiasa wakatukanana, tumeleta wachekeshaji wakalia, lakini marehemu hatujawahi kuleta. Nilimdokeza Hanifa juu juu tu, akasimama kwenye kiti. Anataka Aprili, kipindi maalumu cha Mwana wa Kreta, watazamaji ukumbini, matangazo ya moja kwa moja.

Ana masharti yake madogo madogo ya kazi, hayo niachie mimi. Wewe mwandae Yeyo. Mwambie ukweli wote, asije akafika hapa akashtukia mbele ya taa. Na mwambie aje na mavazi yake ya heshima, shanga zote.

Huyo kaka yako mimi sikuwahi kumpenda, hata alipokuwa anakuja dukani kuomba peremende. Tutamkomoa.

Wako,
Nasrin


Karatu, 24 Machi 2025

Nasrin,

Nimetoka nyumbani. Nilipanda na Dauda, yule dereva wa magari ya watalii, akanishusha Nainokanoka kwenye ukungu mzito, ng'ombe nawasikia bila kuwaona. Yeyo alikuwa anakamua. Nikaona nisizunguke, nikamwambia pale pale: Moringe amesema kwenye runinga kwamba umekufa.

Hakuacha kukamua. Akaniuliza, "Nilikufa vipi?"

Nikamwambia, nyati.

"Yule yule wa chemchemi?"

Yule yule.

Akacheka, Nasrin. Akacheka mpaka ng'ombe akasogea. Nikafikiri afadhali, amelichukulia kiutani. Ndipo nikafanya jambo ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa la busara. Nilitoa simu nikampigia ule wimbo, asikie mwenyewe.

Unaukumbuka ule mwitikio ambao watu wanauimba kwenye baa, ambao hata watoto wa shule wanaujua bila kujua maana yake? Ni wimbo wa Yeyo wa kukamulia. Aliutunga mwenyewe, anaimba majina ya ng'ombe wake mmoja mmoja. Moringe kaubeba mzima mzima, kaweka ngoma chini na gitaa juu, kasema ni maombolezo. Yeyo aliposikia jina la ng'ombe wake wa kwanza, kicheko kilikatika. Akafunika kibuyu, akaingia ndani, hakutoka mpaka asubuhi.

Asubuhi aliwaita wanawake wa boma letu na la jirani. Akawaambia kuanzia leo asisikie mtu anamwita kwa jina lake. Wewe umeishi na sisi, unajua kwamba mtu wetu akifa jina lake halitajwi tena. Wanawake walicheka kidogo, wakidhani utani. Alipowatazama wakaacha kucheka. Sasa wakimhitaji wanasema "wewe wa pale", au wanakohoa. Mimi tu ndiye ninayeruhusiwa kusema Yeyo, kwa kuwa yeyo ni mama tu, si jina, anasema, hiyo ni kazi.

Amekubali kuja. Ana masharti na yeye: asipewe zawadi yoyote, wala asifundishwe la kusema. Kiswahili cha sokoni anacho, lakini anasema mbele ya mtoto wake atasema lugha aliyomfundishia kutembea. Tafuteni mkalimani mzuri, asiyechuja.

Nami nitakuja naye. Nataka kumwona Moringe usoni.

Sifa


Dar es Salaam, 4 Aprili 2025

Sifa,

Haraka haraka, basi linaondoka.

Tiketi ya Yeyo iko kwa baba dukani. Tarehe 11 mimi mwenyewe nitampokea stendi, atalala kwangu, si hotelini. Nimeshamnunulia blanketi, najua Dar ni joto lakini nikakumbuka alivyo.

Wewe shoga yangu ubaki. Usinielewe vibaya. Hanifa anataka mtu mmoja tu aingie, mama peke yake, picha ibaki safi. Ukiwa ukumbini Moringe atakuona mapema ashtuke, mpango wote uharibike. Tazama ukiwa huko huko, furahi na wenzako. Mkalimani usiwe na wasiwasi, atapatikana hapa hapa.

Niamini.

Nasrin


Dar es Salaam, 15 Aprili 2025

Sifa, Sifa, Sifa!

Uliona? Niambie uliona! Simu za ofisini hazijapumzika tangu Jumamosi. Hanifa amenikumbatia mbele ya watu wote, na huyo mwanamke hata salamu huwa anatoa kwa mahesabu.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimemshika Yeyo mkono. Alikuwa ametulia kabisa, anatazama nyaya sakafuni asijikwae. Mlango ukafunguliwa, akaingia na ule mwendo wake. Moringe akainuka, akaacha rungu likaanguka, akaja mpaka mbele yake akainamisha kichwa. Akakaa hivyo hivyo, mwanaume mzima na umaarufu wake wote, kichwa chini mbele ya mama. Kamera ilikaa pale muda mrefu, Hanifa mwenyewe aliagiza wasiiondoe. Watu walikuwa wanalia kwa sauti. Yeyo akasema maneno yake mawili matatu ya Kimaa, polepole, na Moringe akainuka akamkumbatia, akawageukia watu akatafsiri: mama anasema furaha imemzidi, machozi hayamtoki kwa sababu aliyalia yote akiningoja. Nilibubujika mimi.

Najua ulitaka aibu. Lakini hebu fikiri, si imekuwa bora zaidi? Mama amefufuka, nchi nzima imeona. Moringe amemkiri. Hilo ndilo ulilolitaka kimsingi.

Sasa kuhusu lile alilolisema juu yako, kwamba wewe dada yake ndiye uliyempelekea habari ya uongo ya kifo alipokuwa Nairobi akitafuta maisha, hilo naapa halikuwa kwenye makubaliano. Makubaliano yalikuwa aseme tu kwamba alidanganywa, bila kutaja mtu. Hanifa alitaka mgeni ajulishwe kabla, kwa kuwa ni mtu anayewania ubunge na kituo kinaogopa kesi. Sikukuambia kwa sababu nilijua utakataa, na mama angekosa nafasi yake. Watu watasahau. Wiki ijayo tuna mwanamuziki aliyeachika, watahamia huko.

Yeyo yuko salama, nimempandisha basi mwenyewe. Jiko la gesi alilopewa na wadhamini amekataa kulibeba, liko barazani kwangu. Hata mkono wa Hanifa aliuacha hewani, nadhani alikuwa amechoka.

Niandikie upesi.

Nasrin


Karatu, 26 Aprili 2025

Nasrin binti Tariq,

Nakuandikia upesi kama ulivyoagiza.

Jumatatu baada ya kipindi chenu nilikwenda sokoni. Mama ninayenunua kwake nyanya kila wiki alifunika meza aliponiona. "Kwa mtu anayemzika mama yake akiwa hai, siuzi." Hotelini msimamizi ameniondoa kufua nguo za wageni, ananipa mataulo ya jikoni, anasema wageni wameniona mtandaoni. Kuna watoto wananiimbia "Chemchemi" nikipita. Hayo ndiyo makubaliano yenu. Mlikaa mezani, wewe na Hanifa na kaka yangu, mkatafuta nani abebe uongo wake, na mkanikuta mimi sipo, kwa kuwa wewe uliniambia nibaki.

Ulisema mkalimani atapatikana hapo hapo. Kweli alipatikana. Mlimpa mwizi kazi ya kutafsiri maneno ya aliyeibiwa.

Sasa nitakwambia ulichokiona, kwa sababu ulikiona na hukukijua, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Moringe ni mwanaume aliyetahiriwa, ana rika lake. Angeweza kumpa mama mkono tu, kama watu wazima wanavyosalimiana, na yangeishia hapo. Hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alitaka picha. Alitaka nchi nzima imwone mtoto wa nyumbani, ndiyo maana akainama kama kitoto cha mbuzi kinachotafuta chuchu. Na mtu akishakuinamishia kichwa, wewe unaweka mkono. Huo ndio uhai wa salamu. Hata adui ukimkuta njiani, mtoto wake akiinama unaweka mkono.

Rudi kwenye mkanda wenu uangalie mikono ya Yeyo. Iko wapi? Iko ndani ya shuka. Ilikaa ndani ya shuka muda wote ule ambao kamera yenu haikuondolewa. Kichwa kilisubiri, kikasubiri, mkono haukutoka. Alipomkumbatia, alikumbatia mtu aliyefunga mikono. Wewe uliyekuwa ukiinama mbele ya mwanamke yule ukiwa na meno ya maziwa, ulisimama hatua chache kutoka kwake ukabubujika kwa furaha.

Na maneno mawili matatu ya Kimaa ni haya. "Ulisema nimekufa. Maiti haiweki mkono kichwani." Basi. Hakuongeza.

Nainokanoka walitazama kwenye duka lenye sola, wamejaa mpaka nje. Moringe alipotafsiri furaha imemzidi, hakuna aliyecheka. Wanaume walichukua fimbo zao wakatoka mmoja mmoja. Kila mtu anayejua Kimaa nchi hii alisikia, kuanzia Loliondo mpaka walinzi wa mageti huko kwenu. Waliobaki ndio waliolia.

Niliomba kumwaibisha kwa kelele. Yeyo alimwaibisha kwa kutofanya kitu, na mlimrushia matangazo bure.

Kwako sina la kukuomba. Jiko la gesi mpelekee Hanifa. Usiandike.

Sifa


Dar es Salaam, 9 Mei 2025

Sifa,

Umesema nisiandike, naandika kwa ukaidi.

Nilimwonyesha mkanda Lembris, mlinzi wa geti letu, kijana wa Endulen huko kwenu. Nilitaka aniambie kwamba umezidisha kwa hasira. Alitazama mpaka mwisho, akanirudishia simu, akaenda kusimama upande wa pili wa geti. Tangu siku hiyo ananifungulia bila kunisalimia. Nikampelekea Hanifa habari, nikamwambia turushe tafsiri sahihi. Akaniuliza kama nataka kazi au sitaki. Nikasema nataka. Ndivyo nilivyo, usinitafutie sifa nisizo nazo.

Moringe alikuja ofisini akitaka anwani yako, simu yako umemfungia. Nimempa ya duka la baba. Kama nimekosea hapo tena, ongeza kwenye orodha.

Blanketi alilolilalia Yeyo sijalifua.

Nasrin


Karatu, 9 Juni 2025

Kwa mama yangu mpendwa, kwa mkono wa dada yangu Sifa,

Shikamoo mama.

Nipo Karatu, nimepanga chumba kwenye hoteli ya barabarani, sitaki kukaa kwenye zile kubwa watu wakanitambua. Kumbe hata hapa wananitambua, ila hawaombi tena picha. Anayeniletea chai ni kijana wa kwetu. Anaiweka mlangoni.

Nianze na lililotokea Jumapili. Nilikuja Nainokanoka na magari, vipaza sauti, vijana wa kucheza. Watu walifika wengi, nikashukuru Mungu. Nilipanda jukwaani nikaimba "Chemchemi", hawakuitikia. Nikasema labda ni baridi. Nikashuka kuwasalimia akina mama waliokaa mbele, maana ndio mama zangu, wengine walinibeba mgongoni. Nikamwinamia wa kwanza, mama yake Kisioki. Akaingiza mikono ndani ya shuka. Nikahamia kwa wa pili, naye hivyo hivyo. Nilipoinua macho, mstari mzima wa akina mama ulikuwa hauna mikono. Hakuna aliyenitukana. Walikuwa wananitazama tu, na kile kipaza sauti kilikuwa kimebaki wazi kinapiga miluzi. Wewe sikukuona, lakini najua ulikuwepo.

Lekoko, wa rika langu, ambaye angekuwa wa kwanza kunipigania, ameniambia kwa kifupi: kamalize salamu yako kwanza, ndipo uje kuomba kura.

Mama, sikuanza kwa ubaya. Nilipofika Nairobi nililala njaa, nikapata nafasi redioni ya kuimba wimbo mmoja, mtangazaji akauliza una habari gani ya kusisimua. Sikuwa nayo. Nikamwambia mama aliuawa na nyati. Akaniita tena wiki iliyofuata. Baada ya hapo kila nilipotaka kusema ukweli nilikuta uongo umeshafika kabla yangu, umekaa kitini unanisubiri. Nilisema siku moja nitakuja kukuletea vitu vizuri, utanisamehe, hutajua hata.

Kuhusu Sifa, nilishikwa na taa, nikasema jina la kwanza lililonijia. Ananisoma sasa hivi, najua. Dada, pole.

Namtuma Dauda na mbuzi jike mwenye mimba. Mabati ya nyumba yatafuata. Mama, naomba unipe siku nije, sitakuja na kamera, nije peke yangu niiname, uniwekee mkono. Hata ukiwa umekasirika. Hata ukiuweka na kuuondoa.

Mwanao,
Moringe


Nainokanoka, 21 Juni 2025

Moringe,

Anayeandika ni Sifa, maneno ni ya Yeyo. Nimekaa kwenye kigoda, yeye anakamua, ameniambia niandike bila kupunguza na bila kutia chumvi. Yangu nitayaweka mwisho.

Yeyo anasema: barua yako nimesomewa. Imeandikwa vizuri, shule haikupotea.

Anasema: unaniambia ulikuwa na njaa uliposema mara ya kwanza. Nakubali, njaa naijua, inasemesha watu mengi. Lakini sebuleni kwa yule mama mwenye machozi hukuwa na njaa. Shingo yako ilikuwa nene. Pale ulinizika ukiwa umeshiba.

Anasema: mbuzi amerudi na Dauda, asikamuliwe na mtu njiani, ana mimba. Mabati usilete. Marehemu hana nyumba ya kuezeka.

Anasema: wimbo ule nilikuwa nakuimbia ukiwa mgongoni kwangu, ng'ombe wanaachia maziwa, na wewe unaachia usingizi. Sasa nikiuimba, watoto wa hapa wanasema naiga wa Mwana wa Kreta. Nimeuacha. Nakamua kimya. Ng'ombe hawajazoea, wanayabana maziwa, wanageuza shingo kuniangalia. Hilo nalo ulijue, maana hukulihesabu.

Anasema: Jumapili sikuwaambia wale wanawake waingize mikono. Nilikuwa nyuma yao nimekaa, sikunyanyua hata kidole. Walifanya kwa akili yao. Usije ukaniwekea na hilo.

Anasema: unaomba siku uje peke yako, bila kamera. Kuniua uliniua mbele ya watu wote, kunifufua unataka tuwe wawili nyuma ya zizi. Hapana. Rudi kwenye kiti kile. Sema kwa Kiswahili, wote wasikie, wale waliolia na wale wasiolia. Sema: mama yangu hakuuawa na nyati, alimfukuza nyati mimi nikiwa juu ya mti. Sema: dada yangu hakunidanganya. Sema: wimbo ni wa kukamulia, na mwenyewe ni mama. Ukimaliza, wanawake wa hapa wataanza tena kuniita kwa jina langu, nami nitaitika. Hapo ndipo uje uiname. Sikuahidi kitu. Lakini utakuwa umemwinamia mtu aliye hai, na mtu aliye hai anaweza kubadili nia.

Ya Yeyo yameishia hapo.

Haya ni yangu. Najua hutakwenda kusema. Kura za chama chenu ziko karibu, na washauri wako watakwambia subiri kwanza, na wewe utasubiri, kwa kuwa kusubiri ndiko unakokujua. Nami nakwambia kweli, ningependa usiseme. Yeyo amekuachia mlango. Ingekuwa mimi, ningeuziba kwa miiba na kulala nyuma yake. Bado nanunua nyanya zangu Rhotia, mbali na kwangu, kwa sababu ya jina la kwanza lililokujia.

Nilipomaliza kuandika maneno yake nilimsomea yote. Akasema ndivyo. Akaweka kibuyu chini, akanawa mikono, akanijia pale kigodani. Nikainamisha kichwa. Aliweka mkono, mzito, una baridi ya maji na harufu ya maziwa, akauacha hapo mpaka shingo ikaniuma.

Nimekuandikia hilo ili likuume na wewe.

Sifa